Kutoka Bahari hadi Bahari kwa Baiskeli: Mwongozo Kamili wa Kuvuka Kaskazini mwa Uingereza na Marafiki

Kati ya njia nyingi za baiskeli zinazokatiza mashamba na vijiji vya Uingereza, ile iitwayo C2C, inayotoka pwani moja hadi nyingine, ndiyo ninayoipendekeza kwa marafiki wanaosafiri pamoja kwa mara ya kwanza. Huanzia bandari ya Whitehaven kwenye Bahari ya Ireland, hupita katikati ya maziwa na milima ya Lake District, huvuka bonde la mto Eden, hupanda safu ya Pennines, kisha hushuka hadi Bahari ya Kaskazini, ama Sunderland ama Tynemouth. Urefu wake ni kilomita zipatazo 225. Ilifunguliwa mwaka 1994 na shirika la hisani lililojulikana kwa jina la Sustrans, na sehemu yake kubwa hufuata vijibarabara vya mashambani na mapito ya reli za zamani zilizong'olewa, kwa hiyo mtu hupata saa nzima bila kusumbuliwa na magari.

Wapo vijana wenye mazoezi wanaoimaliza kwa siku moja au mbili. Kwa kundi la watu wa kawaida, wenye mizigo, napendekeza siku tano, ingawa vitabu vingi vya njia hutaja tatu au nne. Katika safari hii milima ndiyo kipimo, na mwenzenu mwenye mwendo mdogo kuliko wote ndiye mwenye ratiba. Maelekezo yote yanayofuata yamejengwa juu ya mambo hayo mawili.

Hatua ya kwanza: kukusanya kundi na kukubaliana

Watu wanne ni idadi nzuri. Hulala katika vyumba viwili, huketi meza moja, na hugawanyika wawili wawili pale treni inapokataa kupokea baiskeli zote kwa pamoja, jambo ambalo nitalieleza hapo chini. Kundi la watu wanane hutumia nusu ya siku kungojana.

Kabla ya kununua chochote, kaeni mkubaliane mambo matatu kwa uwazi. La kwanza ni fedha. Wekeni mfuko wa pamoja kwa ajili ya chakula, chai na dharura ndogondogo, mteueni mmoja wenu awe mweka hazina, na kila mtu alipe malazi na nauli yake mwenyewe mapema; kugawana bili ya kila kikombe cha chai kwa siku tano huchosha watu na huharibu urafiki bila sababu. La pili ni mwendo. Aliye na nguvu zaidi asiongoze siku nzima, kwa sababu bila kukusudia atawavuta wenzake hadi waishiwe pumzi. Aongoze kwa zamu, na nyuma kabisa awepo mtu mzoefu anayejua kuziba pancha, ambaye hatampita yeyote. La tatu ni namna ya kujitoa. Njia hii inagusa stesheni ya reli pale Penrith, kisha Langwathby iliyo kwenye reli ya kutoka Settle hadi Carlisle. Baada ya hapo hakuna treni karibu hadi mkaribie pwani ya mashariki. Mwenzenu mwenye maumivu ya goti aamue Langwathby, wala asingoje kuamua juu ya mlima.

Ikiwa mmoja wenu ni dhaifu kuliko wengine kwa tofauti kubwa, mkodishieni baiskeli ya umeme. Sheria ya Uingereza inaruhusu baiskeli yenye mota isiyozidi wati 250 na inayosaidia mpaka mwendo wa kilomita 25 kwa saa, bila leseni, kwa mtu aliyetimiza miaka 14. Ulizeni tu mapema kila mtakapolala kama kuna mahali salama pa kuchajia betri. Sioni aibu yoyote katika jambo hili. Aibu ni kumwacha mtu akitembea na baiskeli mkononi mlima mzima huku wengine wakipigwa na baridi kileleni wakimngoja.

Hatua ya pili: kuchagua msimu

Mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai ndio wakati mzuri. Mwishoni mwa Juni, kaskazini mwa Uingereza, jua huchomoza kama saa kumi na nusu alfajiri na kuzama karibu saa nne kasorobo usiku, kwa hiyo hata mkichelewa kwa pancha na mvua mtafika kwenye malazi kukiwa bado na mwanga. Kuanzia wiki ya mwisho ya Julai hadi mwanzoni mwa Septemba shule huwa zimefungwa, Lake District hujaa wageni na bei za vyumba hupanda. Kuanzia Septemba wakulima huanza kukata ua za miti ya miiba zilizo kando ya barabara, na miiba hiyo hutoboa tairi bila huruma. Majira ya baridi yaachieni wenyeji.

Kwa msafiri Mwislamu, Juni ina jambo lake. Katika latitudo hii ya nyuzi 54 na nusu Kaskazini giza kamili halitokei usiku katika majuma ya katikati ya kiangazi, na misikiti ya huko hutumia makadirio kupanga nyakati za isha na alfajiri. Chagueni mapema ratiba ya msikiti mmoja, kwa mfano wa Newcastle, na muifuate safari nzima.

Mvua haina msimu. Kijiji cha Seathwaite, kusini mwa mji wa Keswick ulio kwenye njia hii, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara tatu ya ile ya Dar es Salaam, nayo huja kwa namna tofauti: nyepesi, baridi, ya kutwa nzima, ikisukumwa na upepo.

Mwelekeo wa upepo ndio sababu ya kuanzia magharibi. Upepo wa kawaida wa nchi hii hutoka kusini-magharibi, kwa hiyo kwa siku nyingi utakuwa mgongoni. Ubaya wake ni kwamba upande wa magharibi una miinuko mikali zaidi, lakini ni afadhali mlima mkali wenye kikomo kuliko upepo wa uso usiokoma.

Hatua ya tatu: viza, bima na afya

Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda anayekwenda matembezini huhitaji viza ya mgeni, ambayo kwa kawaida humruhusu kukaa hadi miezi sita. Ombeni mapema, na barua za uthibitisho wa malazi na ratiba ya safari mziandae kama sehemu ya maombi. Ndugu zetu wanaoishi Uingereza hawana shida hii, lakini na wao wakumbuke kwamba kumwalika mgeni na kumpatia viza ni mambo mawili tofauti.

Huduma ya kwanza katika kitengo cha dharura cha hospitali za umma ni bure kwa mtu yeyote, ila mgeni wa viza fupi akilazwa hutozwa gharama, nazo ni kubwa. Kateni bima ya safari, na msome kifungu kinachohusu baiskeli, maana baadhi ya bima huiweka katika michezo ya hatari. Namba ya dharura ni 999 au 112. Ajali ikitokea mlimani, ombeni polisi kwanza, kisha muwaombe wawaunganishe na waokoaji wa milimani. Mtandao wa simu hukatika katika mabonde ya Pennines, kwa hiyo kila mmoja awe ameandika kwenye karatasi majina ya vijiji vya siku hiyo na anwani ya malazi.

Hatua ya nne: baiskeli

Baiskeli inayofaa ni ile ya safari au ya changarawe, yenye tairi za upana wa milimita 32 hadi 40, madigadi na keria ya nyuma. Baiskeli nyembamba ya mashindano itateseka kwenye mapito ya reli yenye changarawe, na ile nzito ya milimani itawatesa nyinyi kwenye lami.

Jambo linalowaangusha wengi ni gia. Hesabuni meno ya gia ndogo kabisa ya mbele, kisha meno ya gia kubwa kabisa ya nyuma. Mbele zikiwa 30 na nyuma 34, mzunguko mmoja wa pedeli husukuma gurudumu chini ya mzunguko mmoja kamili, na kwa hesabu hiyo mtu mwenye mizigo anaweza kupanda mwinuko mkali akiwa ameketi. Mbele zikiwa 39 na nyuma 25, huyo atatembea. Fundi anaweza kubadilisha gia za nyuma kwa saa moja. Mpelekeeni mwezi mmoja kabla, wala si usiku wa kuamkia safari.

Akishamaliza, mwambieni apime uchakavu wa mnyororo, abadilishe pedi za breki zikiwa zimeisha hata nusu, na akaze spoki zilizolegea. Mchanga na maji ya njia hii hula pedi haraka mno, na miteremko ya hapa haisamehe.

Anayekodi baiskeli Uingereza ajue kwamba breki ya mkono wa kulia ndiyo ya gurudumu la mbele. Anayetoka Ujerumani, Uholanzi au Marekani na baiskeli yake atakuwa amezoea kinyume chake; wenzake wasibadilishane naye baiskeli mteremkoni kwa mzaha.

Hatua ya tano: mizigo

Kwa wanaolala ndani, mikoba miwili ya pembeni kwenye keria ya nyuma inatosha, na jumla isizidi kilo 10. Vitu vizito viwe chini na pande zote mbili zilingane uzito, la sivyo usukani utayumba kila mnaposhika kasi. Kila nguo iwe ndani ya mfuko wa plastiki hata kama muuzaji ameapa kwamba mkoba hauingizi maji.

Nguo muhimu ni koti la mvua lenye kupitisha hewa, fulana mbili za kukauka haraka, sweta jepesi la sufu, kaptura mbili zenye sponji, glavu za vidole vizima na soksi za akiba. Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa atacheka kuambiwa abebe glavu mwezi Juni. Awekwe juu ya Hartside, mpando mkuu wa siku ya tatu, akiwa ameloa jasho, nyuzi joto zikiwa chini ya kumi na upepo ukivuma, kisha aambiwe ashike breki kwa kilomita kadhaa za mteremko. Vidole vitakufa ganzi kabla hajafika chini.

Vifaa vya matengenezo vigawanywe ili visirudiwe. Kila mmoja abebe tyubu mbili za saizi yake. Kundi zima libebe pampu mbili, viraka na solusheni, funguo za pembe sita, kikata mnyororo, viungo viwili vya kuungia mnyororo, pedi za breki za kila aina iliyopo, waya mmoja wa gia, mafuta ya mnyororo, na kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia mkono wa gia ya nyuma, ambacho hupinda baiskeli ikianguka na ambacho maduka mengi hayana cha mtindo wenu.

Pancha ikitokea mvuani, msikimbilie kuweka tyubu mpya. Toeni tyubu iliyotoboka, ijazeni upepo, tafuteni tundu, kisha iwekeni juu ya tairi kwa namna ileile ilivyokuwa ndani, vali ikiangalia tundu lake kwenye rimu. Hapo mtajua sehemu ya tairi iliyochomwa. Pitisheni kitambaa polepole ndani ya tairi mahali hapo, kwa maana kidole kitupu hukatwa, na kitambaa kikinasa ndipo mwiba au kijiwe kilipo. Kiondoeni kwa ncha ya ufunguo. Kundi lililoweka tyubu mpya juu ya mwiba wa zamani husimama tena baada ya dakika kumi, na safari hii hasira huwa nyingi zaidi kuliko upepo.

Hatua ya sita: treni na vitanda

Ramani ya treni ipangwe kabla ya kulipia vyumba. Kutoka London, treni za masafa marefu huondoka stesheni ya Euston hadi Carlisle, na nafasi ya baiskeli lazima ikatwe mapema; haina malipo ya ziada lakini ni chache kwa kila treni. Kutoka Carlisle, treni ndogo ya pwani hufika Whitehaven kwa saa moja na dakika kadhaa. Treni hizi ndogo hupokea kwa kawaida baiskeli mbili, aliyetangulia ndiye anayepakia, na hakuna kukata nafasi. Watu wanne wapange kusafiri wawili wawili kwa treni zinazofuatana, wafike Whitehaven jioni, walale hapo na kuanza safari asubuhi. Yapo pia magari ya kukodi yanayobeba baiskeli na abiria hadi mwanzo wa njia, na mengine hupeleka mikoba kutoka malazi hadi malazi, huduma inayofaa sana ikiwa kundi lina mtu mzima wa miaka mingi.

Malazi ya bei nafuu ni hosteli na nyumba za vitanda vya ghorofa, nyingi zikiwa na jiko la wageni. Ile ya chama cha hosteli za vijana pale Keswick iko ukingoni mwa mto Greta. Nyumba za wageni zenye kifungua kinywa hugharimu zaidi, lakini mwenyeji huwa na banda la baiskeli lenye kufuli na mahali pa kukaushia nguo. Ulizeni vitu hivyo viwili waziwazi mnapoweka nafasi. Kupiga hema popote mtakapo hakuruhusiwi bila idhini ya mwenye ardhi, kwa hiyo anayependa hema atumie maeneo rasmi.

Kuhusu chakula, kumbukeni kwamba baa nyingi za vijijini hufunga jiko karibu saa nane au nane na nusu mchana na kulifungua tena saa kumi na mbili jioni. Kundi linalofika saa tisa likiwa na njaa litapewa biskuti. Vijiji vingi havina duka. Anayekula halali asitarajie kuipata Pennines. Ategemee samaki, mayai, mboga na maharage ya kopo katika jiko la hosteli, kisha ajifariji Newcastle, ambako mtaa wa magharibi una migahawa na mabucha ya halali kwa wingi. Kwa njiani, mikate ya shayiri iliyokatwa vipande, karanga na ndizi hubebeka vizuri na haviharibiki.

Hatua ya saba: sheria za barabara

Uingereza huendesha upande wa kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Anayetoka Kongo, Rwanda, Burundi au Oman ajichunge hasa asubuhi, anapotoka kwenye geti la malazi kuingia barabara tupu. Penye magari mengi mtu hufuata wengine, lakini penye upweke mkono hurudi kwenye mazoea. Kwenye mizunguko ya barabara, mpisheni anayetoka kulia.

Baiskeli hairuhusiwi kwenye barabara kuu za magari ya kasi, wala juu ya njia za waenda kwa miguu za kando ya barabara, wala kwenye mapito ya umma ya miguu yanayokatiza mashamba. Njia za farasi zinaruhusiwa tangu sheria ya mwaka 1968, kwa sharti la kuwapisha farasi na watembeaji. Mkimkaribia farasi kutoka nyuma, punguzeni mwendo na msalimieni mpandaji kwa sauti kabla ya kumpita, kwa kuwa farasi huogopa kengele kuliko sauti ya mtu. Kofia ngumu si lazima kisheria, nami sijaona hoja yoyote ya kuiacha nyumbani. Taa ni lazima baada ya jua kuzama: nyeupe mbele, nyekundu nyuma.

Kanuni za barabara zilizorekebishwa mwaka 2022 zinaruhusu waendesha baiskeli wawili kwenda sambamba, na zinamtaka dereva aache angalau mita moja na nusu anapowapita. Haki hiyo itumieni kwa busara. Kwenye vijibarabara vya upana wa gari moja, vyenye ua ndefu pande zote mbili, anayesikia gari nyuma apaze sauti, kundi liwe mstari mmoja, na kwenye kijinafasi cha kupishana msimame gari lipite. Dereva wa trekta mliyempisha atawapungia mkono. Na kesho yake huenda ndiye atakayewaonyesha njia.

Kwenye malango ya mashamba, lango mlilolikuta limefungwa lifungeni, na mlilolikuta wazi liacheni wazi. Nondo za kuzuia mifugo zilizolazwa barabarani zivukeni kwa mstari ulionyooka, bila kupiga kona wala kushika breki juu yake, hasa zikiwa zimeloa. Kondoo akikaa upande mmoja wa barabara na mwanawe upande wa pili, chukulieni kwamba mmoja atakimbia mbele yenu.

Vibao vya njia ni vya buluu, vyenye picha ya baiskeli, maandishi ya C2C na namba za mtandao wa taifa, hasa 71 na 7. Umbali huandikwa kwa maili. Maili moja ni kilomita 1.6. Pakueni faili la njia kwenye simu mbili tofauti, na mmoja wenu abebe ramani ya karatasi.

Hatua ya nane: safari yenyewe, siku baada ya siku

Siku ya kwanza, Whitehaven hadi Keswick, ni kama kilomita 50. Desturi ni kuchovya gurudumu la nyuma baharini kabla ya kuondoka. Kutoka mjini mtafuata pito la reli iliyobeba mawe ya chuma, kupitia Cleator Moor hadi Rowrah, likipanda taratibu mno kiasi kwamba mtu hujiona hodari. Hapo ndipo waliozidi nguvu huanza kukimbia, wazuieni. Baada ya Loweswater na Lorton kunakuja mpando wa Whinlatter, wenye kilele cha mita 318, nao huwakuta watu walioshachoka. Mkahawa ulio ndani ya msitu wa Whinlatter ni mahali pazuri pa kupumzika kabla ya mteremko wa kuelekea Braithwaite na Keswick.

Siku ya pili ni fupi kwa makusudi. Kutoka Keswick hadi Threlkeld mtapita pito la reli linalovuka na kuvuka tena mto Greta. Dhoruba iliyopewa jina la Desmond ililiharibu pito hili na madaraja yake Desemba 2015, na likafunguliwa upya mwishoni mwa 2020. Anayetaka kuona duara la mawe la kale la Castlerigg akate kona kabla ya kuondoka Keswick; ni mpando mfupi, na milima inayolizunguka ni sababu ya kutosha. Njia huendelea chini ya mlima Blencathra hadi Greystoke na Penrith. Penrith ndio mji mkubwa wa mwisho kwa siku mbili zijazo: nunueni chakula, pedi na tyubu hapa, kwa sababu mafundi mbele ni wachache mno. Kisha endeleeni hadi Langwathby au kijiji kingine cha jirani mlale kwenye miguu ya mlima.

Siku ya tatu ni ya Hartside, mita 580. Ondokeni mapema, mkiwa mmekula lakini hamjashiba. Kabla mwinuko haujaanza, badilisheni gia ya mbele kwenda ndogo wakati miguu bado ni myepesi, kwa kuwa mnyororo ukibadilishwa ukiwa umevutwa kwa nguvu hukwama au hukatika. Hapa kundi livunjwe: kila mtu apande kwa pumzi yake, kwa kipimo kwamba anaweza kutamka sentensi nzima bila kuhema. Akishindwa kuitamka, anakwenda kasi mno. Wenye nguvu wasisimame kileleni, bali wavae makoti na kungoja mahali penye kinga ya upepo. Mkahawa maarufu uliokuwa juu uliteketea kwa moto mwaka 2018, kwa hiyo msipange kunywa chai hapo.

Bonde la Eden lina upepo wake wenyewe wenye jina, Helm, ndio upepo pekee wenye jina katika nchi nzima. Hutoka kaskazini-mashariki, hushuka kwa kishindo kutoka mlima Cross Fell wenye mita 893, na huwapiga wapanda Hartside usoni. Tazameni wingu refu lililolala juu ya safu kama ubao. Likionekana, ongezeni saa mbili kwenye ratiba au mngoje.

Ng'ambo ya Hartside mtashuka hadi Garrigill, karibu na chanzo cha mto South Tyne, ambao maji yake mtakutana nayo tena Newcastle. Mpando wa kutoka Garrigill kwenda Nenthead ni mfupi na mkali kupita kiasi. Kutembea hapa ni uamuzi wa akili. Anayetaka kuukwepa apite Alston na barabara ya bondeni. Laleni Nenthead au Alston. Nenthead ni kijiji kilichojengwa kwa ajili ya wachimbaji wa madini ya risasi, na mabaki ya machimbo bado yapo pembeni ya makazi.

Siku ya nne huanza bila huruma. Black Hill, wenye mita 609, uko mlangoni tu mwa Nenthead, nao hutajwa kuwa sehemu ya juu kuliko zote katika mtandao wa taifa wa njia za baiskeli. Jambo la kufurahisha ni kwamba mnaupanda asubuhi mkiwa wapya. Baada ya Allenheads kuna mpando mwingine, kisha mteremko mrefu hadi Rookhope. Shikeni breki kwa vipindi, mbele na nyuma kwa pamoja, na msizing'ang'anie mfululizo, kwa sababu huwaka moto na kupoteza nguvu. Achaneni mita ishirini kati ya baiskeli na baiskeli.

Rookhope kuna chaguo. Waliovaa tairi pana wanaweza kupanda pito la zamani la mabehewa, la mawe na matope, moja kwa moja hadi Parkhead. Wenye tairi nyembamba washuke Stanhope na kupanda Crawleyside, mwinuko ambao wenyeji wenyewe hupita kwa gia ya kwanza ya gari. Kundi likigawanyika, mkutane Parkhead. Kutoka hapo hadi Consett ni pito la Waskerley, kwenye tuta la reli iliyofunguliwa mwaka 1834 kubeba chokaa na makaa ya mawe, na karibu lote ni mteremko mwepesi wa changarawe. Consett palikuwa na kiwanda cha chuma kilichofungwa mwaka 1980. Leo mgeni asiyeambiwa hawezi kujua kilikosimama.

Siku ya tano, kama kilomita 40, kuna njia mbili. Ya Sunderland hufuata pito la reli hadi ufukwe wa Roker. Mimi huwashauri watu Tynemouth: mtashuka bonde la Derwent juu ya madaraja marefu ya reli ya zamani, mfike mto Tyne, mpite chini ya madaraja ya Newcastle, kisha mfuate mto hadi mdomoni mwake. Kwenye gati za Newcastle kuna watembeaji wengi siku za Jumamosi na Jumapili, hivyo shukeni na mkokote. Desturi ya mwisho ni kuchovya gurudumu la mbele. Baada yake mwagieni maji yasiyo na chumvi kwenye rimu, mnyororo na spoki, kwa maana chumvi huanza kula chuma usiku uleule.

Tynemouth si mwisho wa kupiga pedeli. Treni za London huondoka stesheni kuu ya Newcastle, kilomita zipatazo 16 nyuma, na nafasi za baiskeli ndani yake hukatwa mapema kama zile za Euston. Kateni tiketi za kesho yake kabla ya adhuhuri, mlale Newcastle, na muache nafasi ya saa mbili kati ya kifungua kinywa na treni, kwa ajili ya pancha.